Kirusi Kisicho na Koti, na Maji ya Baba Mwanahawa

Ninyi vijana mliopewa vesti za wahudumu wa afya mwaka huu, nawaandikia nikiwa nimekaa eda. Dunia yangu kwa sasa ni chumba, ua na mkeka wa kuswalia, na mikono iliyozoea kazi haijui kutulia. Nimekuwa nikimfundisha binti yangu Mwanahawa kuosha vikombe ambavyo amekwisha kuviosha. Juzi akaniwekea kalamu magotini. "Mama, waandikie wanaotaka kufundishwa," akasema. "Mimi nimefuzu."

Basi naandika. Nimesoma mpaka darasa la saba. Kazi nilifundishwa kazini, katika zahanati ya kijiji chetu huku delta, nikiwa mhudumu: kufagia, kuchemsha vyombo, kupima watoto uzito, kubeba kasha la chanjo kwenye mtumbwi, na baadaye kutoa matone mwenyewe. Sijawahi kukiona kirusi kwa macho yangu. Darubini ya kukionyesha sijawahi kuifikia. Nitawaambia nilichofundishwa na nilichokishuhudia, na mahali nisipojua nitasema sijui.

Aliyefariki ni Baba Mwanahawa, mume wangu. Asubuhi moja alikuwa anafunga mtumbwi, akakaa chini kama mtu anayetaka kupumzika kidogo, na hakunyanyuka. Yeye ndiye alikuwa mleta maji wa zahanati, kwa hiyo siwezi kuisimulia kazi yangu nikamruka.

Mwanahawa alikuwa amejifungua siku chache tu kabla ya msiba. Chumba kimoja kikawa na wanawake wawili wasiotoka, mimi na eda yangu, yeye na arobaini yake, na katikati yetu kitoto cha kike, Zuhura, ambaye umri wa kupewa matone ya kuhara ulikuwa haujamfikia. Nyumba ilijaa watu wa matanga, na kila aliyeingia kunipa pole alinyoosha mikono apewe mtoto. Humo ndimo kuhara kulimoingia. Habari ninayotaka kuwafikishia ni namna tulivyomlinda Zuhura, lakini hamtaielewa kabla hamjamjua adui.

Mwalimu wangu alikuwa daktari wa zahanati, Daktari Seif, mtu wa bara, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Neno "vijidudu" lilikuwa linamkera. "Vijidudu ndiyo nani?" alikuwa akiuliza. "Ukiniambia mwizi kaingia, nitakuuliza kapitia wapi na kavunja nini. Usipojua, utafunga dirisha naye anapita mlangoni."

Siku moja alinikuta naosha sufuria, mafuta yamegandia pembeni. Akamimina maji, mafuta yakabaki. Akapaka sabuni, yakaondoka. Kisha akaniambia kwamba virusi vingine vimevaa koti la mafuta ya namna hiyo. Kirusi cha surua kina koti. Cha UKIMWI kina koti. Hata hiki cha corona, kilichokuja baadaye mimi nikiwa karibu kustaafu, kina koti. Sabuni huliyeyusha, spiriti huliyeyusha, na kirusi cha aina hiyo kikivuliwa koti kimekwisha, kwa sababu koti ndilo kinaloingilia.

"Kinaingiaje kwa koti?" nikamwuliza.

Palikuwa na bakuli la mchuzi, mafuta yanaelea juu kwa matone matone. Akayasogeza mawili kwa ncha ya kijiko mpaka yakagusana, yakawa tone moja. "Seli ya mwili wako nayo imezungukwa na utando wa mafuta," akasema, "mwembamba kuliko chochote unachoweza kukifikiria. Mafuta ya kirusi yakigusana na mafuta ya seli yanaungana hivi. Kilichokuwa ndani ya hiki kinajikuta ndani ya kile. Hakuna aliyetoboa kitu."

"Na visivyo na koti?"

"Hivyo ndivyo vinavyotusumbua hapa. Polio. Homa ya ini ya A. Hiki cha rota kinachoharisha watoto. Havina mafuta ya kuunganisha na mafuta ya mtu. Vina ganda tu, ganda gumu la vipande vya protini vilivyopangwa vikabanana. Hivyo lazima vitoboe."

Baba Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri madumu matupu. Hakuwa mtu wa maneno. "Hilo ni komafi, daktari," akasema.

"Komafi ni nini?"

Mume wangu akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemwajiri mganga asiyejua komafi.

Kwa ninyi mliotoka upande wa Mahege, ambao hamkukulia kwenye mikoko: mkomafi ni mti wa humo, na tunda lake ni duara, gumu, linakaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Likipasuka, ndani ni vipande vyenye pembe, vimebanana hata ncha ya kisu haipiti, na ukishavitenganisha kuvirudisha ni shughuli. Watoto wa huku hushindana kuvipanga. Tunda lenyewe laelea kwenye maji ya chumvi, jua linalipiga, mawimbi yanalitupa huku na huku, lenyewe halina habari. Muda wake ukifika linaachia, na tope likilifaa utakuta mche.

Safari iliyofuata Baba Mwanahawa alimletea daktari komafi moja zima na moja lililopasuka. Daktari Seif alikaa mchana kutwa akijaribu kuvirudisha vile vipande, ugali ukapoa, wagonjwa wakawa wanamshauri kutoka dirishani. "Mume wako ameniletea ugonjwa," akaniambia. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kwetu kwa mafunzo alifundishwa kwa komafi. Niongeze tu kwamba mfano huo una mwisho wake: vipande vya komafi ni mbegu zenyewe, vipande vya kirusi ni ganda, na mbegu yake ni uzi mwembamba uliokunjwa ndani.

Sasa namna kinavyoingia. Kirusi cha polio hufika kwenye seli kikiwa kimefunga. Juu ya seli kuna vishikio ambavyo seli imeviweka kwa shughuli zake yenyewe. Kirusi kinakamata kishikio, na kule kukamata ndiko kunakokilegeza. Vipande vya ganda vinaachana kidogo, na sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani, zile zinazopenda mafuta, zinachomoza na kuzama kwenye utando wa seli. Panatokea kitundu. Katika kitundu hicho unapita ule uzi wenye maagizo, na ganda tupu linaachwa. Mara nyingi seli inakuwa imekwisha kukimeza kirusi kizima ndani ya kifuko, kwa hiyo kinachotobolewa ni kifuko, kutokea ndani. Matokeo ni yale yale: seli inayasoma maagizo ya mgeni na kuanza kumtengenezea ndugu zake.

Cha rota kina uhuni zaidi. Kina tabaka tatu, na la nje lina miiba. Tumbo la mtoto lina maji yake ya kusagia chakula, nawe ungedhani yatakisaga. Badala yake yanaikata ile miiba mahali fulani na kuiweka tayari. "Ni mwenye nyumba anayemnolea mwizi panga," alisema Daktari Seif. Kikikamata seli ya utumbo, mwiba unajikunja na kusukuma upande wake unaopenda mafuta kwenye utando, utando unachanika, tabaka la nje linaachwa nyuma, kilichobaki kinaingia kazini. Nilimwuliza ni nguvu gani hasa inayouchana ule utando. Akanijibu, "Hapo wenyewe bado wanabishana." Nilimheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa yote mengine.

Mwaka mmoja maji ya chumvi yalipanda mtoni kuliko kawaida. Mnajua sabuni ya mche ilivyo kwenye maji ya chumvi. Haitoi povu, inakatikakatika kama mtindi, na mkono unatoka na utelezi usioeleweka. Kwa hiyo watu wa huku, maji yakiwa ya chumvi, sabuni wanaiacha kabisa, wanasuuza tu, na wengine watakwambia chumvi yenyewe ni dawa. Sisi wa zahanati tulijiona tuna akili zaidi. Tulikuwa na chupa za spiriti za kutosha na madumu machache ya maji baridi, yale yasiyo na chumvi. Tukakubaliana: maji baridi ni ya kunywea dawa, mikono ni spiriti. Tulipangusa mimi na daktari na kila aliyeshika mtoto, tukawa tunanuka kama duka la dawa.

Watoto waliokuja kupimwa uzito wakaanza kurudi wanaharisha. Aliyetuambia ukweli ni mama mmoja wa kisiwa cha pili. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, hakutaka hata kuingia. "Zahanati yenu mnagawa kuhara," akasema. "Tunakuja wazima tunarudi wagonjwa. Mngetuambia mapema tukabaki kwetu."

Daktari Seif alikaa kwenye kizingiti na lile komafi mkononi. "Spiriti inavua koti," akasema. "Huyu koti hana. Tumekuwa tukimpangusa vumbi."

Sisemi spiriti haikifanyi chochote kirusi cha namna hii. Nasema msiitegemee. Hakina koti la kuyeyushwa, na ganda linastahimili. Sabuni nayo hailivunji ganda, lakini inakitelezesha kitoke kwenye mikunjo ya ngozi, na maji yanayotiririka yanakichukua. Kinachofanya kazi ni kusugua na kumiminiwa. Beseni moja la kuzamisha mikono watu wote ni kugawana. Ganda linavunjwa na klorini, hiyo ni ya vikombe, sakafu na nepi. Spiriti acheni kwenye ngozi inayosubiri sindano.

Tangu mwaka ule Baba Mwanahawa akawa mleta maji rasmi. Maji yakijaa yalimpandisha mtoni mpaka yanapokuwa baridi, akajaza, maji yakitoka yakamteremsha. Hakuwahi kupambana na mto. Alikuwa anaonja kwa ulimi kila dumu kabla ya kulifunga, na akilitilia shaka anamwaga, hata kama amechoka. Nilimwambia mara moja kwamba daktari asingegundua tofauti. Akasema, "Sabuni ingegundua."

Kuna swali mtaulizwa mpaka mchoke: hayo matone yanaua virusi? Jibu ni hapana. Matone yanaufundisha mwili. Mwili ukishafundishwa, hutengeneza vitu vidogo vya kukigandia kirusi, kama chaza wanavyogandia mizizi ya mkoko. Komafi lililojaa chaza litashikaje, litaachiaje? Kinaelea tu mpaka kinatoka. Wamama wa huku wanauelewa huo mfano mara moja. Mzee mmoja aliuelewa mno, akataka na yeye adondoshewe matone, akafungua mdomo hauna jino hata moja. Nikamwambia ni ya watoto. "Na mimi nimerudi utoto," akasema, "muulize mke wangu."

Tuje kwenye matanga.

Siku ya pili baada ya mazishi, mpwa wa marehemu aliwasili kutoka Kibiti na mwanawe, Juma, mtoto anayeanza kukimbia. Walipofika bandarini Nyamisati mtoto alikuwa ametapika. Wakasema ni gari. Walipofika kwangu alikuwa anaharisha maji, nao wakasema ni jua. Alipokelewa na shangazi huyu, akapakatwa na bibi yule, na mikono hiyohiyo ikaingia chumbani kwetu ikisema, "Hebu tumwone huyo wa marehemu," wakimaanisha Zuhura.

Nilikuwa nimejilaza ukutani. Msiba una uzito wake, mtu unasikia sauti lakini hazikuhusu. Nilisikia kulia kwa Juma kutoka uani, kilio kikavu, na nikakaa. Nikamwambia Mwanahawa amfunge Zuhura kifuani kwake na asimtoe kwa mtu yeyote.

"Watasema nina kiburi, mama."

"Waseme. Mtoto wa siku chache akiharisha hivyo anakauka kabla boti haijawashwa."

Rehema aliingia wakati huo. Rehema ndiye aliyechukua nafasi niliyoiacha kwenye zahanati, binti mchangamfu, mchapakazi. Vijana walikuwa wameweka chupa kubwa ya sanitaiza mlangoni, maana maji ya kisima yalikuwa na chumvi na sabuni inakataa. Walifanya kwa nia njema na walijivunia. Rehema alinipa pole, akaminya sanitaiza, akapangusa mpaka viwiko, akanyoosha mikono kwa Zuhura.

"Subiri, mwanangu," nikasema.

"Nimeshatakasa, bibi."

"Umesikia anavyolia yule mtoto uani? Umemshika?"

"Nimempokea mama yake mzigo, nikamfuta mtoto kidogo." Akasimama, mikono hewani. Nilimwona anawaza. Akaitazama ile chupa, akaitazama mikono yake. "Bibi," akasema polepole, "kama ni rota, hiki hakina koti."

"Hakina."

"Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nikapata." Akaishusha mikono. "Tangu corona mkono unaenda wenyewe kwenye chupa."

"Mkono wa kila mtu siku hizi uko hivyo. Nenda kwa Juma. Mbane ngozi ya tumbo uone inarudi upesi au inasinyaa. Mtazame kama ana machozi."

Akarudi na habari: machozi kidogo, ngozi inarudi kwa uvivu. Akampeleka na mama yake kwenye chumba cha nje. Akakoroga ORS, akaanza kumnywesha kwa kijiko cha chai. Mtoto anayetapika msimpe kikombe. Akitapika, subirini kidogo, anzeni tena na kijiko, hata ikiwa ni kwa saa nzima. Nepi zake zikaenda kwenye ndoo ya klorini. Hayo yote Rehema aliyafanya vizuri na sikumfundisha.

Lakini mikono iliyokwisha kumshika Juma ilikuwa nyumba nzima, na chakula kilikuwa kinakaribia. Palihitajika maji ambayo sabuni inayakubali. Na maji hayo yalikuwepo. Mapipa mawili ya bluu chini ya paa la jiko, yamejaa. Baba Mwanahawa aliyajaza wiki aliyofariki. Alisema, "Mtoto akija akute maji." Tulichota humo ya kumwoshea yeye mwenyewe alipokufa. Tangu hapo hakuna aliyeyagusa, na mimi sikutaka yaguswe. Nawaambia kweli, nilikuwa nikilala nawaza kwamba maadamu mapipa yamejaa, hajaenda mbali.

Nilituma neno kwamba mapipa yafunguliwe watu wanawe. Shemeji Omari, mdogo wake marehemu, akaja mpaka nyuma ya pazia.

"Shemeji, nimeambiwa jambo nikadhani wamekosea."

"Hawajakosea."

"Watu hawajanywa chai ya maana, tunapika kwa maji ya kununua. Maji ya marehemu tuyamwage chini kwa kunawa? Mikono wanapangusa, dawa ipo."

"Dawa hiyo haimfikii huyu."

"Hayo ni maji ya mwisho ya kaka yangu." Hakuwa anabana maji. Alikuwa kama mimi.

Sikuwa na la kumfundisha. Nikamwambia, "Shemeji, aliyaleta kwa ajili ya mtoto. Mtoto ndiye huyu hapa nyuma ya pazia. Tukiyahifadhi, tunamhifadhia nani?"

Hatua zake zikaelekea jikoni. Kisha nikasikia kifuniko cha pipa kinafunguliwa.

Rehema alitundika kibuyu chirizi, dumu dogo lenye tundu, ukikanyaga kijiti linainama na kutoa uzi wa maji, basi. Pipa moja kwa njia hiyo huosha umati. Ikabaki jambo moja. Nani atawalazimisha wazee, masheikh na mashangazi kunawa? Mimi eda inanikataza kwenda kusimama uani nikikaripia wanaume. Rehema ni mtoto kwao. Mwanahawa yuko ndani. Kwenye matanga ya kwetu kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwambia yeyote lolote na asinuniwe, naye ni mtani.

Mtani wa ukoo wa mume wangu ni Bi Siwema, mama wa vilima vya kusini, anaishi Kibiti. Siku ya mazishi alikuwa tayari amevaa kofia ya marehemu na kudai kafi lake. Nikamwita.

"Siwema, nina kazi ya utani."

"Kazi? Mimi nimekuja kula."

"Simama penye kibuyu. Asile mtu, na asikanyage mlango wa chumba hiki, kabla ya kunawa kwa sabuni."

"Hata sheikh?"

"Hata sheikh."

Akairekebisha kofia. "Mjane, haya ndiyo matanga."

Nilikuwa namsikia kutoka ndani, na kwenye upenyo wa pazia namwona. Aliinama kidogo mgongo kama Baba Mwanahawa, akakohoa kikohozi chake, na watu wakaanza kucheka hata kabla hajasema. "Nani huyo anataka kula bila kunawa? Nimepiga kafi tangu alfajiri, nimeonja kila dumu kwa ulimi wangu, nife, halafu mje mnile na uchafu wenu?" Sheikh alipofika akasema ana udhu. "Huo ni wa Mungu," akajibu Siwema, "huu ni wa mjukuu wangu. Sabuni ndiyo hiyo." Sheikh akacheka, akakunja mikono ya kanzu, akanawa.

Shemeji Omari alinawa haraka kama mtu anayekwepa mvua. Siwema akamzuia kwa kafi. "Vidole gumba hujavigusa. Omari mdogo wangu, tangu utoto una vidole kumi, unaosha vinane."

"Kaka hakuwa anasema hivyo."

"Alikuwa anasema, ulikuwa husikilizi. Rudia."

Akarudia. Na kwa kweli vidole gumba ndivyo watu wote husahau, hata ninyi. Jiangalieni leo. Kisha Omari alisimama pale akiwa amenyoosha mikono ikauke kwa upepo, maana Siwema alimkataza kujifuta kwenye kanzu, nikamsikia analia. Siwema akamwacha alie, akaendelea na waliofuata.

Juma alikaa vibaya siku ile na iliyofuata, kisha akaomba muhogo, tukajua amepita. Shangazi wawili waliharisha. Wote walimpakata kabla kibuyu hakijatundikwa. Zuhura nilimchunguza kila alipolala na kila alipoamka, nikazinusa nepi zake kama afisa forodha. Hakupata kitu. Siwezi kuwaapia kwamba ni yale maji. Huenda asingepata hata hivyo. Kazi mliyoichagua ndiyo ilivyo, mara nyingi mtashinda na hakuna atakayeona mlichoshinda, wala ninyi wenyewe. Mimi nimeifanya nikaipenda, na ningepewa tena ningeanza kesho.

Matanga yakaisha, watu wakaondoka, pipa moja likawa tupu na la pili likabaki na maji ya chini. Tuliyatumia kwa mtoto tu.

Juzi Rehema alikuja na kasha la baridi. Zuhura alikuwa amefikisha umri. Rehema aliweka vitu vyake kwenye meza, akatazama pembeni akitafuta pa kunawa, na hakugusa chupa yoyote. Mwanahawa alikwenda kwenye pipa akaliinamisha kabisa, nikasikia kopo linakwaruza chini. Lilikuja nusu.

"Nipe nimmiminie mimi," nikasema.

Nilimmiminia pale kwenye kizingiti cha ua, polepole, akipaka sabuni. Povu lilitoka jeupe, la kujaa mikono. Alisugua katikati ya vidole, kucha, na vidole gumba vyote viwili. Nikamsuuza mpaka kopo likaisha. Kisha akamshika Zuhura, akauelekeza mdomo wa kichupa ndani ya shavu, si kooni, akaminya taratibu. Zuhura alikunja uso kama mtu aliyeonja maji ya chumvi, akafikiri, akameza.

Nilibaki nimesimama pale nikiutazama mchanga uliolowa mpaka ukakauka. Kisha nikalilaza pipa ubavu, mdomo ukielekea chini, kama alivyokuwa akiliweka mwenyewe likisubiri safari.

Leo asubuhi, maji yalipoanza kujaa, Shemeji Omari alikuja kulichukua. Alisimama nje ya pazia akaniuliza kaka yake alikuwa anaonja mahali gani, kabla ya kona ya mto au baada yake. Nikamwambia baada yake.